Marehemu Mume Wangu Alivyoingizwa Kwenye Usaili

Wiki iliyopita niliwaacha pale binti yangu alipomaliza shule, nami nikaapa kwamba mwanangu hatapiga pasi kama mimi. Kwa aliyechelewa, namsogezea kiti kwa ufupi. Mume wangu alipigwa na kiharusi akalala kitandani bila kauli. Binti yetu ndiye aliyemuuguza mpaka akafariki, maana mimi nilikuwa kazini, kwenye duka la dobi, napiga pasi nguo za watu.

Mtoto ni huyo mmoja. Baba yake alimwita Hakimu tangu yuko mchanga, kwa jinsi alivyokuwa akimkazia mtu macho kama anayetaka kumfunga miaka. Jina likaganda. Nami ndiyo nikawa Mama Hakimu.

Sikusoma sana. Shule ya msingi niliimaliza kwa kusukumwa. Lakini naandika haya kwa sababu najua kuna mama mwenzangu ambaye sasa hivi anamfundisha mwanawe cha kusema mbele ya mabosi. Amuache kwanza mtoto anywe maji. Asome hapa.

Mtaani kwetu kuna mtu anaitwa Kocha. Mpira hajawahi kuugusa. Kazi yake ni kuwanoa vijana waliotoka shule kabla hawajaenda kwenye usaili wao wa kwanza. Amekodi chumba nyuma ya duka la rangi na misumari. Anapanga viti vya plastiki, anafunga tai, anakaa nyuma ya meza, anageuka bosi.

"Ingia!"

Kijana anaingia.

"Toka! Umeingia kama mtu anayetafuta choo. Ingia tena!"

Kijana anatoka, anaingia.

"Sasa umeingia kama polisi. Hao ni mabosi, siyo wahalifu. Toka!"

Jumamosi sisi wazazi tuliruhusiwa kukaa viti vya nyuma tuone, ili tukifika nyumbani tuendeleze. "Mimi nasuka, nyinyi mnakaza," Kocha alikuwa akituambia. Nasi tulikaza.

Jumamosi hiyo ninayoisema, hospitali moja kubwa ya watu binafsi ilikuwa imetangaza nafasi ya msichana wa mapokezi. Nafasi ni moja. Wasichana wa Kocha wakaiomba karibu wote.

Kocha akauliza swali lake analolipenda. "Tueleze siku uliyomhudumia mtu ambaye ni vigumu kumhudumia."

Wa kwanza kusimama alikuwa Chiriku. Chiriku ni binti wa jirani yangu, ambaye pia tuko naye kwa dobi, yeye anafua na mimi napiga pasi. Mtoto aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake hautui.

"Kuna mteja dukani kwa mjomba alitaka soda ya baridi, na friji limeharibika, nikamwambia, baba, baridi ni mawazo tu..."

"Kaa chini," Kocha akasema. "Hospitali haiuzi soda."

Darasa likacheka, Chiriku akacheka kuliko wote. Ikaja zamu ya Hakimu.

"Sijawahi kumhudumia mtu mgumu," mwanangu akasema.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Umeshindwa. Kaa."

Wahenga walisema kilichomponza kichwa ni mdomo. Mimi mdomo wangu ulisimama na miguu yake.

"Muongo huyo, Kocha! Kamuuguza baba yake peke yake mpaka mwisho!"

"Mama, kaa," Hakimu akasema. Alisema taratibu.

Sikukaa. Nilisimulia. Nikaeleza jinsi marehemu alivyopoteza kauli, na jinsi mtoto alivyobuni lugha ya kuzungumza naye. Akifumba macho mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Nikaeleza alivyokuwa akitoka shule anamsomea masomo yote ya siku ile. Akifika kwenye hesabu mzee anafumba macho moja kwa moja mpaka kitabu kifungwe.

Darasa likacheka. Kile kicheko kikaninogea. Ningenyamaza hapo leo nisingekuwa na cha kuandika.

"Alasiri ile ya mwisho," nikaendelea, "alimuuliza, baba umechoka? Akafumba mara moja. Unataka kupumzika? Akafumba mara moja. Mtoto akamwambia, basi pumzika, mama nitamtazama mimi. Akafumba. Hakufumbua tena."

Mama Chiriku alikuwa analia kwenye kiganja. Kocha akalegeza tai.

"Hiyo," akasema. "Hiyo, mama, ndiyo dhahabu."

Nilipokaa nikaona Hakimu amegeuka, ananitazama.

"Ulikuwa wapi?" akaniuliza.

"Lini?"

"Siku hiyo. Wewe ulikuwa wapi?"

"Mlangoni. Nilikuwa nimewahi kurudi kazini, naleta beseni la maji."

Akageukia mbele. "Nilidhani tulikuwa wawili," akasema. Hakuwa anamwambia mtu.

Wenzangu, hapo ndipo mama mwenye akili angemshika mwanawe mkono wakaenda nyumbani. Mimi nilikuwa naiwazia sare ya mapokezi, jinsi kola yake itakavyopigwa pasi.

Wiki nzima nyumbani nilimkaza. Nilikaa kwenye stuli kama bosi, yeye akasimama mbele ya jiko.

"Tueleze siku uliyomhudumia mtu."

Anasimulia. Anasimulia vizuri, bila kukosea neno, kwa ile sauti ya kipaza sauti cha stendi kinachotaja mabasi yanayoondoka.

"Weka uchungu kidogo," nikamwambia. "Pale kwenye 'pumzika'. Pale vuta pumzi kwanza."

Akavuta pumzi.

"Hivyo?"

"Hivyo hivyo. Tena."

Akasema tena. Aliacha kunibishia kabisa, nami nikaona mtoto ameanza kuelewa.

Asubuhi ya usaili wasichana walimpitia. Chiriku alikuwa mbele yao, kapaka mafuta mpaka visigino.

"Shikamoo mama mkubwa! Hakimu yuko tayari? Tuwahi, anayewahi ndiye anayeitwa kwanza."

Hakimu alikuwa tayari. Blauzi nyeupe, sketi nyeusi, viatu vipya vyeusi. Tatizo nililiona mimi. Kwenye kola, upande wa kushoto, kulikuwa na mkunjo mdogo. Mtu mwingine asingeuona. Mimi kola ndiyo kazi yangu, mkunjo wa kola unanizomea.

"Vua," nikamwambia.

"Mama, wanaondoka."

"Waende. Utawakuta. Hawezi mtoto wa mpiga pasi kwenda mbele za watu na kola iliyolala. Vua!"

Chiriku na wenzake wakatangulia. Mimi nikaloweka kola, nikaipaka wanga, nikaipiga pasi mpaka ikasimama kama kisu. Tukafika hospitali wenzake wote wamekwisha kukaa kwenye foleni. Hakimu akawa wa mwisho.

Wazazi tuliachwa nje, kwenye benchi karibu na chumba cha mlinzi. Mama Chiriku alikuwa kaniwekea nafasi.

"Kaa hapa, shoga. Wangu ndiye aliyeingia wa kwanza, na ametoka anacheka."

"Wako hata msibani anatoka anacheka."

"Acha uchokozi wako," akanipiga begani, tukacheka wote. Tulikuwa hivyo, mimi na yeye. Wakati wa ugonjwa yeye ndiye aliyekuwa akinisaidia kumgeuza marehemu nikirudi nimechoka.

Wasichana wakawa wanatoka, mmoja baada ya mwingine, nyuso zinang'aa. Kila aliyetoka alisema limeulizwa lile lile swali la Kocha. Moyo ukanitulia.

Hakimu aliingia, na kabla sijamaliza kuomba dua yangu akawa ametoka.

"Vipi?"

"Twende nyumbani."

"Wamekuuliza lile swali?"

"Wameuliza."

"Ukajibu?"

"Twende nyumbani, mama."

Yaliyotokea mle ndani niliyapata baadaye, neno moja moja, kama mtu anayetolewa miiba. Mezani walikuwa watatu. Mama mmoja mkuu wa utumishi, daktari wa miwani, na muuguzi mkuu. Wakamuuliza swali. Mwanangu akaanza. Alipofika kwenye macho, daktari akavua miwani akaanza kucheka, akajaribu kujizuia akashindwa.

"Binti," mkuu wa utumishi akasema, "huyu mzee anayekonyeza ana ukoo mkubwa. Tangu asubuhi amekuwa baba, amekuwa babu, amekuwa mjomba. Hapo kabla yako alikuwa shangazi. Kwako ni nani?"

"Ni baba yangu."

"Na mwisho akaambiwa apumzike?"

Hakimu akashika ukingo wa kiti.

"Akaambiwa, basi pumzika, mama nitamtazama mimi. Siyo? Tumeisikia mpaka tunaweza kuiimba."

Mwanangu akasimama. Akarudisha kiti mahali pake, kama alivyofundishwa na Kocha.

"Basi si wangu," akasema. Akatoka.

Nilimsikiliza nikiwa napiga pasi shati la mtu. Pasi ikanigusa mkono. Niliona ngozi inageuka rangi kabla sijasikia moto, na hata moto wenyewe ulikuja kama habari ya jirani.

Nikamfuata Kocha. Alikuwa kwenye chumba chake anafuta viti.

"Kocha, umewafundisha wote habari ya mume wangu?"

"Jibu zuri ni mali ya darasa, mama. Ndivyo tunavyofanya kazi. Akipatikana mmoja mwenye jibu la dhahabu, wote wanapewa. Mwaka jana tulikuwa na mafuriko ya mtoto mmoja, watu walipata kazi mpaka bandarini."

"Ule ulikuwa msiba wangu."

"Uliusema mbele ya viti vyote hivi. Nami niliwaambia kila mtu abadilishe jamaa, asiweke baba. Wote wamebadilisha isipokuwa huyo Chiriku. Kaingia wa kwanza, kaacha baba vile vile, kalia machozi ya kweli. Sasa hapo mimi nifanyeje?"

"Kwa nini hukumwambia mwanangu?"

"Wa kwako nilijua anayo ya asili. Hakuhitaji mazoezi."

Nikarudi kazini. Zilikuwa zimebaki mashuka.

Na kazi akapata nani? Msinifanye niseme. Chiriku. Wa kwanza kusema ndiye aliyeaminika, waliobaki wote wakawa waigizaji. Mama Chiriku akaja kwangu na chupa ya soda, akasimama mlangoni hajui aingie au aondoke.

"Mwenzangu, usinifikirie vibaya. Mtoto hakuniambia atasema nini huko ndani. Mimi mwenyewe nimeshangaa."

"Hongera," nikamwambia.

"Kufa kufaana, ndiyo hivyo wanasema... Jamani, mdomo wangu! Nisamehe, shoga."

"Hongera," nikasema tena. Nilikuwa kama jino lililochomwa sindano ya ganzi, unajua liko, hulisikii.

Hakimu ndiye aliyenishinda. Alitoka chumbani kwake na vile viatu vipya vyeusi, akampa Mama Chiriku.

"Mpelekee. Vyake vina kisigino kinalia, mapokezi wanasimama sana."

Nilisubiri mgeni aondoke ndipo nikapata sauti. "Una wazimu? Mtu amekuibia baba, wewe unamvika viatu?"

"Hajaniibia yeye," Hakimu akasema.

Akaingia chumbani. Hakuubamiza mlango. Nilitamani aubamize.

Tangu hapo tukaishi kama wapangaji wawili. Asubuhi anajifunga kanga, anavaa ndala zake za zamani, anaondoka. Namuuliza anakwenda wapi, anasema kutafuta. Jioni anarudi, anapika, anakula, anaosha. Nikimuuliza umepata, anasema bado. Analala. Mimi nilidhani anazunguka kwenye ofisi za watu na njaa yake.

Mkimuona mtoto anadhoofika hivyo mtafanya nini? Nikaamua kwenda kwa yule mkuu wa utumishi kumwambia ukweli. Siri ya mtungi aijuaye kata, nami ndiye niliyekuwa mlangoni. Niliomba ruhusa kazini. Mama Chiriku akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia nina jino.

Ofisi ilikuwa ya vioo, baridi imewashwa. Mkuu wa utumishi alikuwa mwanamke wa makamo, kola yake safi, imepigwa na mtu anayejua.

"Mama, nina muda mfupi. Umesema una habari ya mfanyakazi wangu."

"Ya yule msichana mpya. Ile habari ya baba yake aliyesema naye kwa macho. Yule baba ni mume wangu."

Akaweka kalamu chini. Akanitazama kwa huruma.

"Pole sana, mama. Kwa hiyo msichana huyu ni wa nje ya ndoa? Sasa mambo ya mirathi hapa siyo mahali pake."

"Hapana, bosi! Mungu aniepushe! Mume wangu alikuwa na mtoto mmoja tu, ni yule aliyeingia mwisho, mkamcheka. Yeye ndiye mwenye habari. Wengine wote walifundishwa."

Nikamweleza yote, kuanzia kwa Kocha mpaka kola. Hakunikatiza.

"Na baba wa huyu wa kwangu?"

"Ni dereva wa lori. Mzima. Juzi alikuwa anapiga honi mtaani mpaka watoto wakaamka."

Akawa anageuzageuza pete yake.

"Tatizo ni hili, mama. Kwa sababu ya habari ile, sikumuacha mapokezi ya mbele. Nilimpeleka chumba cha mazoezi, kwa wagonjwa wa kiharusi. Na kazi inafanyika. Kuna bibi mmoja aliletwa hapa hatoi ishara yoyote, hata mwanawe akimuita hageuki. Sasa hivi anajibu kwa macho. Daktari mwenyewe amenyamaza. Huyo anayefanya hivyo utaniambia ni muongo?"

Mimi namjua Chiriku. Chiriku hawezi kukaa kimya hata muda wa kumeza mate. Ile lugha ya macho inataka mtu anayeweza kuuliza neno moja na kusubiri. Nikaanza kuhisi kitu, nisijue ni nini, maana nilikuwa nimesahau kuhisi.

"Sijui, bosi. Mimi nimesema ninachokijua."

"Vizuri. Kama alinidanganya, leo anavua sare, na nafasi nampa mwanao. Lakini utayasema hayo mbele yake. Mimi sichukui maneno ya nyuma ya mlango."

Neno lile lilinipiga mahali pake. Akainua simu, akamuita.

Chiriku aliingia mbio, sare ya bluu, viatu vya mwanangu miguuni. Aliponiona uso ukamjaa furaha.

"Mama mkubwa! Shikamoo! Nani mgonjwa? Umepata nani wa kukuhudumia? Kwa nini hukuniambia, ningekupitisha kwa..."

"Nyamaza kidogo," mkuu wa utumishi akasema. "Mama huyu anasema baba yako ni mzima, anaendesha lori."

Kwa mara ya kwanza tangu nimemjua yule mtoto, maneno yalimwishia. Alinitazama kama mtu aliyepigwa na ndugu yake. Kisha akatazama nyuma, kwenye mlango aliouacha wazi.

Mlangoni alisimama Hakimu, amemfuata nyuma. Alikuwa na ndala zake za zamani, taulo begani, kikombe cha plastiki mkononi chenye kijiko ndani.

"Bosi, nitasema," Chiriku akaanza kulia. "Bibi siyo mimi. Mimi naandikisha wanaoingia na kuwasindikiza. Kwa bibi anaingia Hakimu. Kila asubuhi. Mlinzi anadhani ni mjukuu wake. Mimi nilijaribu siku ya kwanza nikashindwa, nikamfuata nyumbani kwao nikampigia magoti, nikamwambia wataniondoa. Akasema, basi, nitakuja."

Kumbe ndiko alikokuwa anakwenda kutafuta.

Mkuu wa utumishi akasimama. "Wewe nakukumbuka. Ndiye uliyetoka bila kuaga."

"Ndiyo. Shikamoo."

"Njoo hapa. Sikuulizi habari ya bibi, hiyo tutaizungumza. Nakuuliza habari moja. Yule baba aliyesema kwa macho ni wa nani?"

Nikakaa vizuri kwenye kiti. Nilijua sasa itakwisha. Mwanangu atasema neno moja, atavishwa sare, mimi nitapiga kola yake kila jioni mpaka nife.

Hakimu akaweka kikombe kwenye kona ya meza, polepole, kisimwagike.

"Wa Chiriku," akasema.

"Hakimu!" nikaita.

"Mimi niliwaambia siku ile ile kwamba si wangu," akaendelea, hanigeukii. "Hiyo lugha nimejifunza kwa Chiriku, nilikuwa nakwenda kwao kumuona mzee. Baba yangu mimi ni dereva wa lori. Ni mzima. Yuko safarini."

"Hakimu, usifanye hivyo," Chiriku akamshika mkono. "Usiseme hivyo, utajiharibia."

"Wewe uko kazini. Futa machozi, wagonjwa wanakuona."

Mkuu wa utumishi akanyoosha kidole kwangu. "Na mama yako huyu? Amekaa hapa ananieleza mpaka rangi ya beseni."

"Mama anataka nipate kazi," mwanangu akasema. "Akitaka kitu kwa ajili yangu, anaweza kusema lolote mbele ya mtu yeyote."

Hakusema kwa hasira. Alisema kwa ile ile sauti niliyomfundisha mimi mbele ya jiko.

Nje ya kioo watu walikuwa wanapita na vyeti vyao. Chiriku alikuwa anafuta machozi kwa mkono wa sare. Yule mama akarudi kwenye kiti chake, akaviweka vitu vyake sawa mezani, kalamu, simu, miwani.

"Nimechoka kuchezewa na watu wa mtaa mmoja," akasema. "Mmoja hapa ananidanganya. Nikimjua, akitoka leo hatarudi hapa hata kwa kuuza maandazi. Watoto nimewasikia. Mama, wewe ndiye mtu mzima, na wewe ndiye uliyekuja kwa miguu yako. Nakuuliza mara moja tu, na utakalosema ndilo nitakalolishika. Mumeo yuko wapi?"

Nikafungua mdomo. Na Hakimu, aliyekuwa hajanitazama tangu aingie, akageuka akanitazama usoni.

Hakuyakaza macho. Mara ya kwanza tangu tumzike baba yake, mwanangu alikuwa ananiomba kitu.